Kung'arisha Altezza mwenyewe nyumbani, hapa hapa Tabora: rangi na rimu

Kabla hujanunua kopo lolote la polishi elewa kwanza kitu kimoja, polishi inakula rangi. Watu wengi wanadhani ukipaka polishi ile mikwaruzo inazibwa, wapi, unachofanya pale ni kuisaga klia, yaani ule utabaka wa juu usio na rangi unaokinga rangi yenyewe, mpaka ishuke usawa wa mkwaruzo, basi mkwaruzo unapotea kwa sababu hauna tena pa kukaa. Na hiyo klia ni nyembamba balaa. Gari iliyopigwa rangi kiwandani klia yake inacheza kwenye maikroni 35 mpaka 50, rangi yote ukijumlisha na praima ni kama maikroni 100 mpaka 150, na unywele wa kichwa chako mmoja ni kama 70. Kwa hiyo kila ukiwasha mashine unachota kwenye akiba ambayo haijazwi, na Toyota Altezza zenyewe zimetengenezwa 1998 mpaka 2005, yaani iliyo changa kabisa imeshakula jua la miaka mingi na huwezi kujua huko ilikotoka ilishapigwa polishi mara ngapi.

Sasa kwa nini nasema hivi mwanzoni. Kwa sababu hapa kwetu gari haliharibiwi na safari, linaharibiwa asubuhi nyumbani. Mtu anatoka ndani, gari limelala nje, lina vumbi jekundu juu, anachukua tambara kavu anapangusa boneti kwa kuzungusha mkono, dakika mbili gari "safi" anaondoka. Lile vumbi lina mchanga ndani yake na mchanga ni mgumu kuliko klia, so amepiga msasa gari zima kabla ya chai. Baada ya miezi ukiliangalia juani unaona ule utando wa buibui umezunguka pale jua linapomulika. Kama hiyo tabia hauko tayari kuiacha basi usisumbuke na mashine, utatoa utando leo na baada ya mwezi umerudi, halafu safari ya tatu ya nne klia imeisha unaanza kuona mabaka.

Naandika kwa mfano wa Altezza kwa sababu ndo gari ya spoti ya vijana wengi huku, ila Subaru Impreza, Celica, Mark X, kazi ni ile ile.

Lini na wapi

Msimu mzuri kwa Tabora ni mwisho wa mwezi wa nne kuingia wa tano, mvua zimekata na vumbi bado halijaanza kuruka. Mwezi wa saba na wa nane upepo ni wa kwetu wote mnaujua, unaweza ukafanya ila itabidi ufanye ndani ya banda au gereji lenye kuta. Wa tisa na wa kumi joto linakuwa kali, polishi inakaukia kwenye bati kabla hujaisogeza.

Muda: anza alfajiri, ikifika saa nne funga kazi, rudi saa kumi jioni. Kipimo chako ni mgongo wa mkono, uweke kwenye boneti, kama huwezi kuuacha pale ukahesabu mpaka kumi bila kuutoa basi bati ni la moto, subiri.

Na kivuli cha mwembe usikitamani. Najua Tabora miembe ndo imejaa kila kona na kivuli chake ni kizito, lakini mwembe unadondosha utomvu, na msimu wa embe usiku popo wanakuja kula, kinyesi chao kina asidi na mbegu na rangi, kikikaa juu ya klia siku nzima juani kinaacha alama ya kuzama. Tafuta kivuli cha nyumba, upande ambao jua halipo, halafu kabla ya kuanza umwagie uwanja maji, mzunguko mzima wa gari hatua tatu nne kila upande, vumbi lilale. Ukiona pamekauka mwagia tena. Hii haina gharama na inasaidia kuliko vitu vingi vya bei.

Vitu vya kuwa navyo

Ndoo tatu, mbili za rangi moja za kuoshea bodi na moja tofauti ya rimu, na hiyo ya rimu isije ikagusa bodi hata siku moja. Shampuu ya gari. Glovu ya kuoshea ya maikrofaiba au manyoya. Taulo za maikrofaiba nyingi, kumi na kitu hivi, kwa sababu ikidondoka chini imekufa mpaka ifuliwe. Brashi laini za rimu, hata brashi ya rangi ya ukutani yenye nywele laini inafaa, ila zungushia tepu kile kibati chake kisikwaruze. Klei, kile kidongo laini cha kusafishia rangi. Dawa ya kutoa chuma. Maskingi tepu. Kompaundi moja, yaani polishi kali ya kukata, polishi ya kumalizia moja, waksi au silanti, yaani kinga kama waksi ila ya kutengenezwa kiwandani. Mashine na pedi zake. Kwenye duka za spea za mjini utapata shampuu, waksi na maskingi tepu, klei na pedi nzuri mara nyingi utaagiza Kariakoo au Mwanza mzigo uje na basi.

Vitu vya kutoweka kwenye orodha: sabuni ya unga ya kufulia, inatoa waksi yote na kukausha mipira ya milango, unaweza kuitumia mara moja kabla ya polishi kama huna kingine lakini sio kila wiki. Gunia, dodoki, spanji la kuoshea vyombo, hapana. Dizeli kwenye bodi, hapana kabisa, inang'aa masaa mawili halafu inakusanya vumbi lote la barabara ya Urambo.

Kuhusu mashine hapa nikae kidogo maana ndo watu wanapoharibu magari. Kuna aina mbili. Rotari inazunguka sehemu moja tu kwa nguvu, inakata haraka na inachoma haraka, hiyo muachie fundi mwenye mkono. Ya pili ni ile inayozunguka huku inayumba, wenyewe wanaiita DA, hiyo ukiikandamiza sana inaacha kuzunguka yenyewe, so ni ngumu kuchoma rangi nayo. Nunua au azima DA. Afu kuna ile ya tatu ambayo sio mashine ya polishi ila watu wanaitumia, grainda ya kukatia chuma wanafunga pedi ya manyoya. Grainda ndogo inakwenda kama mizunguko 11,000 kwa dakika, mashine ya polishi ya rotari inafanya kazi kati ya 600 na 3,000. Jipigie hesabu mwenyewe, sekunde chache tu umefika kwenye bati.

Kama huna mashine kabisa usikate tamaa, kwa mkono huwezi kutoa utando wote lakini polishi ya kumalizia na spanji la kupakia inarudisha mng'ao vizuri tu. Ni jasho.

Kagua kwanza unashughulika na nini

Osha gari, kausha, halafu usiku au ndani ya banda washa tochi ya simu uisogeze juu ya bati kwa mshazari. Pitisha ukucha kwenye kila mkwaruzo unaoona. Ukucha ukinasa, mkwaruzo ni wa kina, polishi haitautoa, utaupunguza tu makali. Usikomae nao.

Chukua kitambaa cheupe, weka polishi kidogo, sugua sehemu isiyoonekana, tuseme ndani ya ukingo wa mlango. Kitambaa kikiwa na rangi ya gari basi hakuna klia pale, ni rangi moja kwa moja mpaka juu. Zile Toyota nyeupe za namba ya rangi 040, angalia kwenye kibati chake, mara nyingi ziko hivyo, kwa hiyo ukiona pedi inakuwa nyeupe usishtuke, ila kumbuka hapo unachosaga ni rangi yenyewe. Kitambaa kikibaki bila rangi ya gari, kuna klia.

Angalia pia paa na boneti na juu ya buti. Ukiona mabaka ya kijivu au meupe yenye kingo zinazobanduka, hiyo klia imekufa, hakuna polishi ya kuifufua, kila ukisugua unaongeza baka. Hapo ni kupaka rangi upya. Na kama bati limepakwa rangi juzi juzi kwa fundi usilipake waksi mpaka ipite angalau mwezi, rangi inakuwa bado inatoa tina.

Rimu zianze

Rimu zifanye siku yake, kabla ya bodi, kwa sababu uchafu wake unaruka na hutaki uruke juu ya rangi uliyoimaliza. Altezza RS200 inakuja na rimu za inchi 17 na nati tano, nafasi za nati ni 5 kwa 114.3. Legeza nati kidogo gari likiwa bado chini, weka mawe au magogo kwenye tairi zinazobaki, piga jeki, halafu weka stendi. Usiingize mkono chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake hata kama ni dakika moja. Toa tairi moja moja ukimaliza rudisha, usijifanye gereji ukatoa zote nne.

Rimu lazima iwe ya baridi. Ukimwagia dawa rimu ya moto inakaukia pale pale na kuacha ramani.

Kwanza maji mengi. Pili shampuu na brashi, ndani kwanza kwenye pipa la rimu, kisha nje, kwenye matundu ya nati, nyuma ya miguu ya rimu. Suuza. Tatu ndo dawa ya chuma. Ile nyeusi inayogoma kutoka kwa sabuni ni vumbi la breki, vipande vidogo vya chuma vinatoka vikiwa vya moto vinajichimbia kwenye rangi ya rimu, baadaye vinashika kutu. Pulizia dawa, subiri dakika tatu mpaka tano, usiache ikauke. Utaona inaanza kutiririka zambarau, hiyo ndo chuma inayeyuka. Harufu yake ni kali na kama umewahi kukaa saluni ya kike utaitambua, ni jamii ya kemikali ile ile ya dawa ya kutengenezea mawimbi ya nywele. Vaa glovu, simama upande upepo unakotoka. Suuza vizuri. Kama bado kuna madoa rudia.

Lami ikibaki, mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, shika sekunde kadhaa ilainike, futa, halafu osha na shampuu tena ile mafuta itoke yote. Hakikisha hayafiki kwenye diski ya breki.

Watu wengine wanatumia dawa ya kusafishia choo au maji ya betri. Kweli inatoa uchafu, na inatoa pia uhai wa rimu, alumini inakuwa na ukungu mweupe ambao hautoki tena kwa kufuta. Achana nayo.

Sasa kung'arisha rimu. Lazima ujue ni rimu gani. Weka polishi ya chuma kama Brasso au Autosol kidogo kwenye kitambaa, sugua sehemu ndogo kwa nyuma. Kitambaa kikigeuka cheusi tii hapo hapo, ni alumini tupu, haijafunikwa. Kisipogeuka cheusi, juu yake kuna klia au rangi, basi ifanye kama bodi, yaani polishi ya rangi laini kwa mkono na waksi, Brasso weka kabatini.

Kama ni alumini tupu yenye mdomo uliochakaa, wale wenye rimu za mdomo mpana mnajua, basi msasa wa maji. Anza na namba 400 kama kuna alama za kugusa ukingo wa barabara, kama hakuna anza 800, kisha 1000, 1500, 2000, kila namba loweka msasa kwenye maji yenye tone la sabuni na sugua kufuata mzunguko wa rimu. Siri iko hapa, usihamie namba inayofuata mpaka mistari ya namba iliyopita imeisha yote, ukiruka utaiona mwishoni kila mstari umesimama unakuangalia na itabidi urudi mwanzo. Kisha Autosol kwa kitambaa cha pamba, weusi utatoka mwingi, endelea na upande safi wa kitambaa mpaka uone meno yako. Pakia waksi hapo hapo kwa sababu alumini tupu inaanza kufifia haraka hasa mvua zikianza. Zile rimu zilizochongwa uso kwa mashine zenye mistari midogo midogo juu na klia usiziguse na msasa, ukishatoa ile klia na mistari hutaweza kuirudisha kwa mkono.

Kabla ya kufunga pangusa kutu na mchanga kwenye uso wa habu (pale rimu inapofungwa) na mgongo wa rimu pale vinapokutana, na angalia pipa la ndani kama limepinda au lina ufa, barabara zetu zinaficha mengi na tairi nyembamba ya 215/45 haisamehe shimo.

Kufunga nati: kwa mkono kwanza zote zikae, kisha kwa kuruka nati moja kama unachora nyota, shusha gari, kaza. Toyota nyingi za aina hii ni nyutoni mita 103. Kama huna spana ya kupimia, piga hesabu: mkono wa spana wa sentimita 30 unataka nguvu ya kilo 35 hivi mwishoni mwake, ni mkono wa mtu mzima anayevuta kwa nguvu bila kujitundika. Mtu wa kilo 75 akisimama juu ya hiyo spana anafika zaidi ya 200, mara mbili ya inavyotakiwa, ndo chanzo cha stadi, zile bolti zinazoshika nati, kukatika na diski kupinda, na ndo kawaida ya vijana wa pancha. Ukishaendesha kama kilomita 50 mpaka 100 kaza tena. Ukienda Nzega ni kilomita 115 hivi na Puge iko katikati, simama hapo utoe spana.

Tairi zenyewe zipake dawa ya maji ya kung'arisha ubavuni tu. Usipake uso unaokanyaga barabara. Na ile ya kupaka mafuta ya breki tairi zing'ae, jamani, mafuta ya breki yanababua rangi, yakiruka tone kwenye fenda umepata kazi nyingine.

Kuosha bodi

Maji kwanza, mengi, kuanzia juu, bila kugusa. Nia ni vumbi liondoke lenyewe. Kama una mashine ya presha kaa mbali kidogo, hasa kwenye kingo za rangi iliyowahi kubanduka.

Ndoo moja ya shampuu, moja ya maji matupu. Chovya glovu kwenye shampuu, osha sehemu moja, tuseme nusu ya paa, kwa mistari iliyonyooka, kisha glovu iende kwenye maji matupu uikamue mchanga ubaki huko, halafu ndo irudi kwenye shampuu. Ndani ya ndoo ya maji matupu, chini kabisa, weka chujio la plastiki lililogeuzwa ili mchanga ukizama usirudi juu. Paa, vioo, boneti, buti, milango nusu ya juu, na mwisho kabisa chini ya milango na bampa kwa sababu huko ndo kuna mchanga wote.

Maji ya kisima sehemu nyingi yana chumvi, yakikauka juu ya gari yanaacha vidoti vyeupe. Kwa hiyo usiache gari likauke lenyewe. Kama una tanki la mvua tumia hayo kwa suuza ya mwisho, maji ya mvua hayana chumvi. Vidoti vilivyokwisha kukaa, siki na maji nusu kwa nusu kwenye kitambaa, kaa nacho nusu dakika, suuza. Kukausha laza taulo juu ya bati ulivute taratibu, usisugue.

Klei

Bati safi unaweza ukalishika bado lina vipele. Vaa mfuko wa nailoni mkononi upitishe juu ya rangi, vidole vinasikia zaidi. Mifuko ya kubebea imepigwa marufuku toka 2019, so tumia nailoni ya mkate. Ukisikia kama mchanga, hiyo ni chuma, lami, utomvu wa mwembe, vimejishika.

Pulizia maji ya shampuu mengi, kata kipande cha klei, kikande kiwe bapa, kipitishe bila kukandamiza. Mwanzo kinakwama kwama, kisha ghafla kinateleza, hapo umemaliza, sogea. Kikunje upande safi kila mara. Kikidondoka chini kitupe, usione huruma, kimeshakuwa msasa. Klei nayo inaacha alama ndogo kwa hiyo tumia pale tu unapokwenda kupiga polishi.

Mashine

Funika kwa maskingi tepu plastiki zote nyeusi, mipira ya vioo, nembo, na kingo kali za mabati na ile mistari ya mkunjo kwenye milango. Kwenye kingo rangi ndo nyembamba zaidi na pedi inakaa hapo kwa nguvu zaidi. Kompaundi ikikaukia kwenye plastiki nyeusi inaacha weupe unaokera miezi.

Anza na jaribio. Sehemu ya sentimita 50 kwa 50 kwenye boneti, polishi laini na pedi laini. Ikitoa utando kwa kiwango unachoridhika basi hiyo ndo ya gari zima, hauhitaji kompaundi. Ikishindwa panda ngazi moja, kompaundi na pedi ngumu kidogo. Watu wanaanza na rabing, yaani kompaundi, kali kabisa kwa sababu ndo fundi anayo, matokeo yake wanatumia nyundo kuua mbu.

Kwenye pedi mpya paka uso wote kidogo, baadaye ni matone manne ya ukubwa wa punje ya choroko. Pakaza kwanza mashine ikiwa spidi ya chini kabisa, namba moja, isiruke kila mahali. Kisha panda namba nne au tano. Tembea polepole, sentimita mbili tatu kwa sekunde, mstari unaofuata upande nusu ya mstari uliopita, ukimaliza kulia kushoto geuka juu chini, mzunguko wa namna hiyo mara nne mpaka sita. Chora mstari kwa maka pen ubavuni mwa lile sahani la pedi. Ukiwa unafanya kazi uangalie huo mstari, kama unauona unazunguka uko sawa, ukiona umesimama unatetema tu, umekandamiza sana au umelaza mashine upande, punguza. Uzito wa mashine na mkono wa kawaida unatosha.

Waya upitishe begani usikwaruze mlango. Umeme ukikatika katikati futa polishi iliyopo usiiache ikauke ukisubiri urudi.

Kila ukimaliza kipande safisha pedi kwa brashi, kila bati moja au mawili badilisha pedi. Pedi iliyojaa unga haikati, inapasha joto tu. Futa mabaki kwa taulo safi, kisha pulizia isopropili. Ile ya duka la dawa ya asilimia 70, sehemu moja kwa sehemu tatu za maji, inatoa mafuta ya polishi ili uone ukweli, maana mafuta yanaficha mikwaruzo siku mbili halafu inarudi. Washa tochi. Ukiona imebaki michache ya kina, iache. Kweli iache. Gari la barabarani halihitaji kuwa kioo cha dukani, na klia uliyoiacha leo utaihitaji.

Kama ulitumia kompaundi rudi na polishi ya kumalizia gari zima, spidi ya nne, mkono mwepesi. Rangi nyeusi na bluu nzito bila hatua hii zinabaki na ukungu. Nyeupe na silva zinasamehe.

Waksi, na habari ya nta ya nyuki

Swali la kwetu hili, mkoa wa asali, nta ipo, kwa nini ninunue waksi ya Brazili? Sababu ni joto. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 mpaka 64, ile ya karnauba inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi wa Brazili inavumilia mpaka 82 na zaidi. Boneti nyeusi ikikaa mchana mwezi wa kumi inaweza kupita nyuzi 60, nta inalainika, inanata, vumbi linakaa humo. Nta yetu tumia kwenye ngozi za viti na viatu, huko inafanya kazi nzuri.

Mimi kwa Tabora napendelea silanti ya kutengenezwa kuliko karnauba, inadumu zaidi kwenye jua na haishiki vumbi. Paka nyembamba sana, ukiona nyeupe nene umepoteza mali, subiri inavyosema kopo, futa. Siramiki, ile kinga inayogandia ngumu juu ya rangi, ni nzuri kweli lakini inataka gari likae kama siku nzima bila maji wala vumbi, kama huna gereji la kufunga wakati wa kiangazi usijaribu, vumbi litagandia humo ndani na kulitoa ni kusaga upya.

Baada ya hapo

Vumbi la asubuhi: mwagia maji kwanza, hata ndoo moja na kopo, ndo upitishe taulo yenye maji. Kama maji hakuna siku hiyo, ondoka na vumbi lako, safisha kioo cha mbele tu na vioo vya pembeni. Kijana anayekuoshea mnunulie glovu yako na taulo zako zikae kwenye buti, umwambie hizi tu, na asiziweke chini.

Kinyesi cha ndege au popo usikikwangue. Lowesha kitambaa, kilaze juu yake dakika tano, kinyanyue na uchafu wote kwa mara moja. Utomvu wa embe vivyo hivyo ila kwa ile isopropili. Silanti irudie kila baada ya miezi mitatu minne, na mashine usiiwashe tena gari zima mpaka tochi ikulazimishe.